Maisha ya kiasi Walungu: mzigo wake uko mgongoni mwa nani?

Mkazi wa Bukavu akilemewa na kodi ya nyumba, bei ya makala na karo za watoto, hakosi ndugu wa kumwambia arudi Walungu, maana kule maisha ni mepesi. Ushauri huo una msingi. Walungu iko kilomita 40 hivi kusini-magharibi mwa mji, juu ya vilima vya Bushi, na huko familia yenye shamba inaweza kushinda na kulala imeshiba bila kutoa hata faranga moja. Katikati ya Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 na benki zikafunga milango, ushauri huo ulipata nguvu zaidi. Mwenye mshahara benki hakuweza kuugusa. Mwenye shamba la muhogo alikuwa na cha kupika.

Swali linalostahili kuchunguzwa ni hili: je, hayo maisha ya familia yenye kiasi na utulivu, ambamo watu wanakula walichokilima, wanaangaliana na hawakimbizani na vitu, yapo kweli Walungu? Na kama yapo, yamesimama juu ya nini? Jibu langu nalitoa mapema ili msomaji apime hoja akilijua. Yapo, na yana hekima ambayo dunia ya leo inaitafuta kwa tochi. Lakini kwa sehemu kubwa yamesimama juu ya mgongo wa mama, na mradi siku ya mama haijapunguziwa kazi, huo wepesi tunaousifu ni uzito aliotwishwa mtu mmoja ili wengine wapumue.

Tuanze na dunia. Mwaka 1936 Mmarekani Richard Gregg, aliyekuwa ameishi India na kujifunza kwa Gandhi, aliandika makala kuhusu kuishi maisha rahisi kwa hiari. Alisema mtu anayepunguza mali na shughuli anapata nafasi ya kufanya lile analoliona kuwa muhimu. Wazo hilo limezaa vitabu vingi tangu wakati huo. Mjapani Marie Kondo amewafundisha mamilioni ya watu namna ya kutoa nguo na vyombo visivyowafaa. Wasomaji wake ni watu ambao kabati limejaa mpaka mlango haufungi. Mafunzo yao yanaanzia kwenye vingi, yakielekea kwenye vichache.

Walungu hali imegeuzwa. Nyumba nyingi za Burhale au Kaniola hazina cha kupunguza. Sahani zinahesabika, kikwembe kizuri cha mama ni kimoja na kinatoka Jumapili. Kwa hiyo anayetaka kuzungumzia maisha ya kiasi hapa lazima kwanza atenganishe kiasi na ukosefu. Mwenye kiasi anaweza kula nyama Jumamosi, naye anachagua maharage. Mkosefu anakula bugali na sombe isiyo na mafuta kwa sababu hakuna kingine. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013–2014 ulionyesha kwamba Kivu Kusini watoto 53 kati ya 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa 43. Hiyo ni katika nchi yenye mvua, udongo na misimu miwili mikubwa ya kilimo kwa mwaka. Takwimu hizo lazima zikae mezani wakati wote tunapousifu wepesi wa kijiji, la sivyo tutakuwa tunasifia njaa.

Hata hivyo kiasi kipo, na mahali pa kukitazama ni lupango la Mushi, yaani mtu wa Bushi, wa kawaida. Nyumba imezungukwa na migomba. Chini ya migomba kuna magimbi na maharage, pembeni kuna lengalenga na matembele, mbele kidogo muhogo, kwenye mteremko mtama, na bondeni, kiangazi kikifika, bustani ya mboga inayonyweshwa kwa maji ya kinamasi. Vitu visivyotoka hapo ni vichache: chumvi, sabuni, mawese, daftari za watoto, dawa. Samaki wadogo wa ziwani, sambaza, hupanda na wachuuzi kutoka Bukavu. Mama anayeijua ardhi yake hupanga mambo ili siku ya kuchuma zao moja iwe siku ya kupanda lingine, na chakula kiwe kinatoka kidogo kidogo mwaka mzima.

Sasa ingia jikoni. Kwenye kona, nyuma ya mafiga, utasikia sauti nyembamba kama za ndege. Ni simbilisi. Wanaishi hapohapo sakafuni, kwenye joto la moto, wakila maganda ya viazi, majani ya mahindi na nyasi ambazo watoto wamezikata wakitoka shuleni. Watafiti wa kilimo wa CIAT waliokuja Kivu Kusini walishangaa kuona jinsi mnyama huyu mdogo, ambaye asili yake ni milima ya Andes kule Amerika ya Kusini, alivyoenea katika vijiji vya Walungu na Kabare. Kwetu hakuna cha kushangaza. Jike hubeba mimba siku 68 hivi na kuzaa wawili, watatu, pengine wanne. Halihitaji malisho, banda wala daktari wa mifugo. Samadi yake hurudi kwenye migomba, na mgomba ukilishwa vizuri hurudisha maganda jikoni. Tena simbilisi mara nyingi ni mali ya mtoto. Mtoto wa miaka 9 anajua wake ni yupi, anajua atazaa lini, na anajua kwamba wawili wakiuzwa Mugogo, sokoni, atapata daftari na kalamu. Sijaona somo la uchumi wa nyumbani linaloingia akilini mwa mtoto kuliko hilo.

Kuna sababu nyingine ya simbilisi kupendwa, nayo ni ya huzuni. Miaka ya vita watu wenye silaha walishuka kutoka msituni wakaswaga ng'ombe, halafu mbuzi. Ng'ombe alikuwa heshima ya Mushi: ndiye aliyetolewa mahari, ndiye aliyemleta mtu karibu na Mwami, mtawala wa kimila. Familia nyingi zilibaki na zizi tupu. Simbilisi haonekani kutoka barabarani, na mama akikimbia usiku anaweza kumweka kwenye kikapu pamoja na mtoto. Kwa hiyo wepesi huu nao umechongwa na hofu. Ukienda Kaniola, ambako Mei 2007 watu waliuawa usiku ndani ya nyumba zao, huwezi kumwambia mtu kwamba kuwa na vitu vichache ni falsafa. Wengi walijifunza kuwa na vichache kwa sababu vingi viliwaita wanyang'anyi. Mpaka leo, mapigano yakizunguka vilima hivi tangu 2025, kuna familia ambazo hazithubutu kununua godoro la pili.

Turudi kwenye ardhi, kwa kuwa kila nilichokieleza kinadai ardhi ya kutosha. Walungu ina tawala mbili za kimila, Ngweshe na Kaziba. Ngweshe ndiyo kubwa, na watu wake wamebanana kuliko sehemu nyingi za Kongo. Zamani mtu alipata ardhi kwa kalinzi: alimtolea Mwami au mwakilishi wake ng'ombe, naye akapewa kilima au sehemu ya kilima ambayo watoto wake wangeirithi. Aliyekosa ng'ombe aliomba bwasa, yaani kulima kipande cha mwenzake kwa msimu, bila ruhusa ya kupanda migomba, kwa sababu mgomba ni mti wa kukaa, na anayeupanda anadai kukaa. Wabelgiji walipokuja walikata vipande vikubwa vya Kivu. Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyoundwa 1928, ilipewa mamlaka ya kugawa ardhi kwa walowezi, na vilima vilivyokuwa malisho vikawa mashamba ya chai, kahawa na kwinini. Baada ya uhuru, sheria ya 20 Julai 1973 ikatangaza kwamba ardhi yote ni mali ya Dola. Iliahidi agizo la Rais litakaloeleza haki za watu wanaoishi kwenye ardhi ya kimila. Miongo ikapita bila agizo hilo, na katika pengo hilo wenye pesa na wenye kujua kusoma karatasi wakajipatia mashamba ambayo wengine walikuwa wakiyalima.

Matokeo yake yanaonekana kwa macho. Baba aliyerithi sehemu ya kilima amewagawia wana watano, kila mmoja amewagawia wake, na leo kijana anaoa akiwa na ardhi ambayo ukisimama mwanzo wake unasikia mtu akikohoa mwisho wake. Pale hakuna nafasi ya kuacha udongo upumzike. Muhogo ukapigwa na ugonjwa wa batobato, migomba ikapata mnyauko wa bakteria, na familia isiyo na kipande cha pili haina pa kukimbilia. Bwasa, iliyokuwa msaada wa muda, imekuwa namna ya kuishi kwa wengi. Na mwenye kulima bwasa hapandi miti, haweki samadi nyingi, hajengi matuta ya kuzuia mmomonyoko, maana hajui kama mwaka ujao atakuwapo. Mtu huyo anaishi kwa vichache, lakini kuishi kwa utulivu hawezi. Utulivu unataka uhakika wa kesho.

Kuna majibu mazuri ya uhaba huo, na mojawapo nalipenda sana. Ni maharage yanayotambaa juu ya miti. Kituo cha utafiti cha INERA kilichopo Mulungu, kule Kabare, kimeyashughulikia kwa miaka mingi pamoja na watafiti wa kimataifa, na mradi wa CIALCA uliyapeleka Walungu pamoja na soya tangu katikati ya miaka ya 2000. Ardhi ikiwa ndogo, panda kwenda juu: hekima yake ni hiyo tu. Maharage hayo hutoa mavuno mengi kuliko yale ya kichaka kwenye eneo lilelile, na aina zilizoongezewa madini ya chuma zinamsaidia mama mjamzito. Ila kila shina linataka mti wa kupandia. Miti ikatwe, ibebwe, isimikwe. Nani ataikata na kuibeba? Hapo tunagusa kiini cha jambo.

Fuata siku ya mama mmoja wa Walungu, yeyote yule, katika mwezi wa Oktoba, wakati wa kupalilia. Anaamka kabla ya jogoo wa pili. Anakwenda chemchemi na bidoni la lita 20, anarudi, anawasha moto, anapasha mabaki ya jana, anawaandaa watoto wa shule. Anabeba jembe na mtoto mgongoni, analima mpaka jua la saa sita. Anarudi na kuni au na kikapu cha viazi, kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso, shingo imeinama. Anatwanga sombe. Kama ni siku ya soko anakwenda Mugogo kuuza kikapu cha muhogo, na njiani kuna barieri ya kulipia. Jioni anachota maji tena, anapika, anaosha, anawatazama wagonjwa, anapukuchua mahindi. Anakaa chini wakati wengine wamelala. Ukimuuliza kama ana maisha mepesi atakucheka kwa upole, halafu ataendelea kupukuchua.

Wanawake wengine huenda mbali zaidi. Katika barabara zinazoshuka Bukavu utawaona wabeba mizigo wakiwa na magunia yanayozidi uzito wa miili yao. Mama wa aina hiyo anaacha nyumba bila maji na watoto bila chakula ili apate pesa ya unga. Binti mkubwa, mwenye miaka 11 au 12, ndiye anayeshika nafasi yake, na kwa hiyo binti huyo ndiye wa kwanza kuchelewa shuleni. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali hazitozi karo, kama ilivyoagizwa na kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006, na hilo lilikuwa jambo kubwa kwa familia zetu. Lakini karo ikiondoka na bidoni likabaki, binti bado hafiki darasani kwa wakati.

Baba yuko wapi? Haki inadai tumtazame bila kumsema vibaya kwa jumla. Wengine wapo shambani bega kwa bega na wake zao. Wengi wameondoka. Ardhi haitoshi, na dhahabu iko karibu: Mukungwe ipo humuhumu Walungu, Kamituga iko mbele katika barabara ya Mwenga, na kuna madini ya bati kuelekea Nzibira na Shabunda. Kijana anakwenda kwa miezi mitatu, miezi mitatu inakuwa mwaka. Pesa ya mashimoni huja kwa kishindo na huondoka kwa kishindo. Shimo likitoa, nyumbani kunafika simu mpya, redio, pombe ya chupa. Shimo likikauka kunafika deni. Mama aliyekuwa akipanga chakula kwa misimu ya mvua sasa anapaswa kupanga pia kwa bahati ya shimo ambalo hajawahi kuliona. Katika hali hiyo hata familia yenye fedha inakosa utulivu, na nimeona nyumba za wachimbaji zenye paa la mabati mapya ambazo watoto wake walikuwa na nywele nyekundu za utapiamlo.

Watu wa Lwiro walikwisha kuliona jambo hili la lishe. Pale Kabare, kwenye taasisi ya utafiti iliyoundwa na Wabelgiji mwaka 1947, madaktari walichunguza kwashakoo ya watoto wa Bushi kwa miongo. Chakula kinachojaza tumbo kilikuwapo. Protini ndiyo iliyokosekana. Hapo ndipo mgawanyo wa kimila wa mazao unapoingia. Kwa desturi ndizi ni za baba, na sehemu kubwa yake hugeuka kasiksi, pombe ya ndizi. Maharage ni ya mama, na ndiyo yanayoingia chunguni. Kasiksi ina kazi yake ya heshima: bila kibuyu hakuna posa, hakuna kupatanisha majirani, hakuna matanga. Sitaki ifutwe. Ninachosema ni kwamba katika lupango dogo kila shina la ndizi za pombe linachukua nafasi ya kitu fulani, na mazungumzo kuhusu kipi kikae na kipi kitoke hayafanyiki katika nyumba nyingi, kwa sababu mmoja anaamua na mwingine anatekeleza.

Sheria, angalau, imesonga. Kanuni ya Familia ya 1 Agosti 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kufanya tendo lolote la kisheria linalomfunga, kama kukopa au kusaini mkataba. Marekebisho ya 15 Julai 2016 yaliondoa sharti hilo, yakasema wanandoa wapatane. Mume bado anatajwa kuwa kichwa cha nyumba, lakini kupatana sasa ni wajibu wa kisheria. Huko Walungu ni wangapi wanaolijua hilo? Redio zetu, Maendeleo ya Bukavu na Okapi, zinaweza kulirudia kila wiki kwa Kiswahili na Mashi bila kuchoka, maana lingebadilisha jioni nyingi.

Mahali ambapo kupatana kumeanza kuota mizizi ni kwenye vikundi vya akiba. Kivu Kusini imejaa MUSO, yaani mutualite za mshikamano, na AVEC, vyama vya akiba na mikopo vya kijiji. MUSO ina visanduku vitatu. Kijani ni cha akiba ya wanachama, na humo mtu anakopa na kurudisha na faida kidogo. Chekundu ni cha dharura: mtoto kalazwa, nyumba imeungua, mtu kafiwa, anapewa msaada na harudishi. Cha bluu ni cha pesa inayotoka nje ya kikundi. AVEC imetokana na mfano ulioanzishwa Niger mwaka 1991 na shirika la CARE. Sanduku lake lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, na baada ya takriban mwaka mmoja wanachama wanagawana walichokiweka na faida yake. Wanachama wengi ni wanawake.

Umuhimu wa visanduku hivyo kwa maisha ya kiasi unaonekana ukijua vinachukua nafasi ya nini. Bila kikundi, mtoto akiugua usiku, familia hukimbilia Banki Lambert, mkopeshaji wa mtaani ambaye riba yake hula mavuno kabla hayajaiva. Au huuza maharage. Hili la maharage linaumiza kuliko yote. Msimu wa kwanza huvunwa Desemba na Januari, na wakati huo kila mtu anauza, kwa hiyo bei iko chini. Familia inauza gunia ili ilipe deni la Septemba. Mbegu zinapohitajika tena, bei imepanda, na mama ananunua kwa bei kubwa maharage ambayo pengine ni yaleyale aliyoyauza. Mwenye sanduku jekundu la kumsaidia, na pipa lenye mfuniko wa kubana ili fukusi wafe kwa kukosa hewa, anaweza kusubiri miezi mitatu. Kusubiri huko ndiko anasa kubwa ya Walungu. Anayeweza kusubiri ana chakula, ana mbegu, na halali na wasiwasi.

Kuna matumizi ambayo vikundi havijathubutu kuyagusa, nayo ni mahari na matanga. Mahari ya ng'ombe imegeuka kuwa dola, na orodha inayoandikwa na wajomba ina suti, vikwembe, viatu, pengine simu. Kijana wa mashimoni anaweza kulipa, kijana wa shamba hawezi, na wazee wanaolalamika kwamba vijana wamekimbilia dhahabu ndio hao waliotia saini orodha. Matanga nayo huchukua siku nyingi, waombolezaji wanakula, na mjane anabaki na sufuria tupu na madeni. Mashirika, yaani jumuiya ndogo za Kikristo za vilimani, zina nguvu ya kimaadili ya kupunguza siku na sahani. Jumuiya ikiamua kwamba kila nyumba itakuja na chakula chake matangani, hakuna mtu atakayeona aibu peke yake. Aibu ndiyo inayotumaliza. Mtu mmoja mmoja hawezi kuishinda, kilima kizima kinaweza.

Kuhusu simu na mitandao nitasema machache. Mawimbi yanafika sehemu nyingi za vilima, na pesa ya simu imemwokoa mama ambaye zamani angesubiri mume arudi na noti mfukoni. Vijana wanaona nyumba za Kinshasa na Dubai kwenye skrini na wanaiona ya kwao kuwa aibu. Hilo ni kweli, lakini sidhani ndilo tatizo kubwa. Kijana mwenye shamba la kutosha na baba anayezungumza naye anaweza kutazama Dubai jioni na kuamka asubuhi akaenda kukata miti ya maharage.

Na mazungumzo ya jioni, ambayo wazee wanayalilia? Bado yapo kuliko tunavyodhani. Yanafanyika jikoni, wakati wa kusubiri maharage yaive, kwa sababu maharage makavu kwenye moto wa kuni yanataka saa mbili au tatu na hakuna anayeweza kuyaharakisha. Bibi anasimulia, mtoto anachochea, simbilisi wanapita miguuni. Huo ndio utulivu ambao watu wa mbali wanautafuta kwa bei kubwa. Lakini angalia tena nani yuko pale. Mara nyingi baba yuko kwenye kibanda cha kasiksi au Kamituga. Akiwa nyumbani, anakaa sebuleni na chakula kinaletwa. Akiingia jikoni na kukaa kwenye kigoda, hatapoteza heshima yake, na atasikia mambo ya nyumba yake ambayo hayafiki sebuleni.

Nimepima hoja hizi zote na nazipanga hivi kwa uzito. Amani ni ya kwanza, na familia haiwezi kujitengenezea peke yake. Ardhi ni ya pili, na inahitaji Dola iandike sheria ambayo mtu wa bwasa anaweza kuisoma, na wenye mashamba makubwa yaliyolala wakubali kuyakodisha kwa miaka, badala ya msimu. Ya tatu ni kazi ya mama, na hii haihitaji kusubiri Kinshasa wala mazungumzo ya amani ya Doha. Bomba la maji kwenye kilima, mashine ya kusaga kwa kila mtaa, jiko la udongo linalokula kuni chache, mikono ya baba na ya mvulana kwenye bidoni: vitu hivyo vinarudisha saa kadhaa kwa siku. Salongo ya Jumamosi, ambayo tumeizoea kwa kufagia barabara, inaweza kwa muda kuelekezwa kwenye kujengea chemchemi na kupanda mikaratusi ya miti ya maharage karibu na nyumba. Wakuu wa vijiji wana mamlaka ya kuliamua hilo wiki hii.

Kwa hiyo neno langu ni kwa wanaume wa Walungu, walio vilimani na walio mashimoni, na kwa sisi wa Bukavu tunaopenda kusema kwamba kijijini maisha ni mepesi. Kabla ya kupanda msimu ujao, kaeni na mama wa nyumba mkiwa na daftari. Andikeni ardhi iliyopo, mashina ya ndizi, maharage ya kula, ya mbegu na ya kuuza, deni na mwenye kulidai, na kazi zote za siku pamoja na jina la anayezifanya. Jina moja likijaa ukurasa mzima, gawaneni kazi hizo hapohapo, kabla hamjagawana mbegu.